Jibu: "fine" kwenye mkataba wa ujenzi

Habari mkuu. Nimekuelewa: "fine aggregate" umeitafsiri "kokoto nzuri", mhandisi amekataa, na ukurasa wa pili kuna "a fine" ambayo "nzuri" haiingii kabisa. Nyaraka za namna hii ndizo ninazotafsiri.

Kwanza tazama neno la jirani. Fine ikitangulia kitu chenye punje, uzi au ncha, inataja udogo wa umbo: fine flour ni unga laini, fine thread ni uzi mwembamba. Visawe vyake hapo ni thin au powdery, kutegemea kitu chenyewe. Kwa hiyo "fine aggregate" ni mchanga tu. Kwa kiwango cha ASTM cha Marekani, karibu punje zote hupita kwenye chekeche ya milimita 4.75. Kokoto ni coarse aggregate. Hili lirekebishe leo hii, maana fundi akisoma "kokoto nzuri" anaweza kuharibu zege.

Ukiona "a fine" isiyofuatwa na nomino, kama kwenye "pay a fine", hiyo ni faini. Kisawe chake ni penalty.

Kwenye mazungumzo ndiko kwenye mtego zaidi. Ukimuuliza mtu hali, "I'm fine" ni "nzuri" au "salama". Ukimkaribisha chai akajibu hivyohivyo, amekataa kwa adabu. Na "Fine!" ya mkato ni "haya basi" ya mtu aliyekereka, kwa hiyo kisawe cha excellent (bora sana) usikiweke hapo.

Bandika sentensi nzima ya ukurasa wa pili tuione.