Programu yangu ya Python inachukua dakika 40: nitajuaje mstari unaoichelewesha?

Swali: Nina programu ya Python inayolinganisha miamala laki 4 na orodha ya namba laki 3 zilizokwisha kulipwa. Inachukua dakika 40. cProfile, kipima muda kinachokuja na Python, inasema karibu muda wote unaishia ndani ya funksheni `linganisha`, lakini funksheni hiyo ina mistari 120. Nimekutumia msimbo. Nitaupataje mstari wenye tatizo bila kusubiri dakika 40 kila ninapojaribu?

Jibu: Ndugu yangu, cProfile imekwambia kweli, ila imeishia mlangoni. Inaandika funksheni ilipoitwa na ilipomaliza. Yanayotokea katikati, mstari kwa mstari, haiyaoni. Tena kila mwito inauongezea gharama, ndiyo maana vifunksheni vidogo vinavyoitwa mara mamilioni huonekana vizito kuliko vilivyo.

Unachohitaji ni profaila ya sampuli, yaani kipimo kinachochungulia programu mara kwa mara badala ya kuandika kila mwito. Mimi hutumia py-spy. Haiingii ndani ya programu yako. Inakaa pembeni kama mchakato mwingine na kuchungulia kumbukumbu yake mara 100 kwa sekunde: sasa hivi iko mstari gani, na nani kaiita? Iache programu iendelee, chukua namba ya mchakato wake (hapa 4127 ni mfano tu), kisha andika:

`sudo py-spy record --pid 4127 --duration 30 -o picha.svg`

Sekunde 30 ni sampuli kama 3,000. Kitu kinachokula asilimia 10 ya muda kitapata sampuli 300, pengine 16 zaidi au pungufu, kwa hiyo hakina pa kujificha. Fungua picha kwenye kivinjari. Hiyo ni grafu ya miali (flame graph), aina aliyoibuni Brendan Gregg mwaka 2011. Angalia upana: kipande kipana ndicho kilichokutwa kwenye sampuli nyingi. Kushoto kwenda kulia si mfuatano wa muda, na hapo ndipo wengi hupotea.

Niliendesha msimbo wako kwa data ya kubuni yenye ukubwa huohuo. Kipande kimoja kilitanda karibu picha nzima, miamala.py mstari wa 87:

`if namba in zilizolipwa:`

`zilizolipwa` ni list. Kwa kila muamala, Python inaanza mwanzo wa orodha na kukagua namba moja moja. Isipoikuta, imeshazipitia zote laki 3. Na kwa kuwa `in` hapa haihesabiwi kama mwito wa funksheni, cProfile iliutupia muda wote huo kwa `linganisha`. Kabla ya kitanzi, weka:

`zilizolipwa = set(zilizolipwa)`

Set hutafuta kwa hashi, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye kitu chenyewe na kuonyesha mahali pa kukitafuta; haipekui moja moja. Kwangu kazi ilishuka hadi sekunde chache.

Pima tena kabla hujagusa mstari mwingine wowote. Ukiona programu bado inachelewa ilhali sampuli ni chache mno, huenda inasubiri mtandao au hifadhidata. Kwa kawaida py-spy huziruka nyuzi (threads, mikondo ya kazi ndani ya programu) zilizolala; ongeza `--idle`, nayo itakuonyesha mstari zinaposubiri.