Karati 18 na karati 0.50 kwenye risiti moja

Dada, sonara wako wa hapo Mwanza hajakosea kuandika "18K" na "0.50ct" kwa pete moja. 18K ni usafi wa dhahabu, sehemu 18 kati ya 24, ndiyo maana ndani ya pete utaona mhuri wa 750. Ukikuta 375, hiyo ni karati 9 tu, bei ishuke. Ct ni uzito wa almasi: karati 1 ni gramu 0.2, kwa hiyo 0.50 yako ni gramu 0.1.

Muulize sasa: hiyo 0.50 ni jiwe moja, au jumla ya vijiwe vyote? Hapo ndipo wengi wanaumia, maana jiwe moja ni ghali kuliko vidogo vya uzito uleule. Jiwe moja la mviringo la 0.50, lililochongwa vizuri, lina upana wa milimita 5 hivi. Likiwa 4.6, uzito umejificha tumboni, yaani chini ya jiwe usipoonekana, na mng'ao umepungua.

Pitisha pia uzi wa pamba kwenye kucha zinazoshika jiwe. Ukinasa, ukucha mmoja umeinuka. Aubane vizuri kabla hujalipa.