Friwili ya nyuma kwenye baiskeli ya umeme: niliyojifunza katika mlima wa Bugando

Ndugu yangu, umeuliza kama friwili (lile fungu la sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayopitisha mnyororo, kwenye gurudumu la nyuma) yenye sproketi kubwa zaidi itaiwezesha baiskeli yako kupanda mlima wa Bugando, hapa Mwanza, na mzigo bila mota kuchemka. Itakusaidia wewe kwanza, na mota itanufaika kupitia miguu yako tu. Umeeleza kwamba mota yako imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mota ya namna hiyo huzungusha gurudumu yenyewe, bila kupitia kwenye mnyororo, kwa hiyo ukubwa wa sproketi hauigusi hata kidogo. Kinachoichemsha ni kulazimishwa kuvuta polepole, kwa sababu mwendo ukishuka sana, sehemu kubwa ya umeme wa betri hugeuka kuwa joto. Gia ikiwa nyepesi, miguu haikwami, mwendo haufi, na mota hubaki katika kasi inayoimudu.

Baiskeli yangu ilikuja na friwili ya gia saba, meno 14 hadi 28, na sproketi ya mbele yenye meno 48. Gurudumu ni la inchi 26, ambalo mzunguko wake ni kama mita 2.07, hivyo katika gia nyepesi kuliko zote pedeli ikizunguka mara moja nilisogea mita 3.5 (umbali huo ukipungua, gia huwa nyepesi zaidi). Kwa mtu anayetoka Mwaloni, Kirumba, na ndoo mbili za dagaa nyuma, huo ni uzito wa kuumiza magoti. Nilipofunga friwili ya meno 11 hadi 34, umbali huo ulishuka hadi mita 2.9, yaani pungufu ya asilimia 18 hivi, na siku ya kwanza tu nilipanda nikiwa nimekaa.

Kuifungua ya zamani ndiko kulikonichosha. Friwili hujikaza kila unapokanyaga pedeli, na ekseli ya mota ni nene kuliko ya baiskeli ya kawaida, kwa hiyo kifungulio cha fundi hakikupita. Fundi akashika patasi na nyundo. Nikamzuia, kwa kuwa waya wa mota yangu hutokea upande huohuo wa kulia na patasi ikiteleza tu unaukata. Nilitafuta kifungulio chenye tundu pana, kinachopitisha ekseli pamoja na kichwa cha waya, tukakibana kwenye jiriwa, tukalala juu ya gurudumu na kulizungusha kinyume cha saa kwa mikono minne mpaka likaachia kwa mlio mkali.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo, nami naomba usilirudie. Sproketi ya meno 11 ilikaa nje zaidi kuliko ile ya zamani, mnyororo ukawa unakwaruza fremu. Nikaongeza washa (kile kipete bapa cha chuma) ya milimita 2 ndani ya foku ya nyuma, pale ekseli inapokaa, na ili nati ipate nafasi nikaiondoa ile washa yenye kijino kinachoingia kwenye mpasuo wa foku. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake hutaka kuzunguka nyuma, na kinachoizuia ni bapa zake mbili ndani ya mpasuo pamoja na kijino kile. Wiki moja baadaye, katikati ya mlima, ekseli ilizunguka, waya ukajisokota kama kamba ya mtumbwi, ngozi yake ikachunika, na mota ikazima papo hapo. Sasa nimefunga kipande cha chuma kinachoishika ekseli na kufungwa kwenye fremu, na sikubali nati isiyoingia nyuzi zake zote.

Kwa hiyo, kama ningeanza upya, ningegusa mbele kwanza. Sproketi ya mbele ya meno 38 pamoja na friwili ya meno 14 hadi 28, kwenye gurudumu kama langu, inakupa mita 2.8, nyepesi kuliko niliyoipata mimi kwa taabu yote hiyo, na gurudumu la mota haliguswi. Kwenye tambarare utapoteza kidogo, maana katika gia nzito, kwa mizunguko 60 ya pedeli kwa dakika, utakwenda kilomita 20 kwa saa. Kwa mwenye mzigo zinatosha. Angalia tu kama sproketi yako imefungwa kwa bolti, kwani nyingi za bei nafuu zimepigwa ribiti, nazo hubadilishwa pamoja na mkono wa pedeli. Mnyororo utaukata viungo kadhaa.

Ukishikilia kubadilisha nyuma, hakikisha kibadilisha gia chako kinaweza kufikia meno 34, kwa sababu vile vifupi huishia 28, na uweke mnyororo mpya, kwani wa zamani uliolegea utaruka juu ya meno mapya. Wenye mota iliyo kwenye pedeli wao hali yao ni tofauti: huko nguvu ya mota hupita kwenye mnyororo, gia nyepesi huisaidia moja kwa moja, lakini lazima uache kukanyaga kidogo kabla ya kubadilisha gia, la sivyo meno hulika upesi.

Hesabu meno ya sproketi yako ya mbele, kisha uyaandike hapa pamoja na ukubwa wa gurudumu, nami nitakupigia hesabu.