Bei ya Picha za Harusi: Tunalipia Siku Moja au Zaidi?

SWALI: Mimi na mchumba wangu tunajiandaa kufunga ndoa, na tumeomba bei kwa wapiga picha watatu. Wa kwanza anataka karibu mara nne ya kiasi anachotaka wa tatu. Tulipomweleza kwamba kazi yenyewe ni ya siku moja, alijibu tu kwamba harusi ndivyo zilivyo. Je, bei hizi hupangwaje, au hupandishwa kwa sababu tu neno harusi limetajwa?

JIBU: Swali lako ni la haki, na jibu ulilopewa halikutosha, kwa kuwa anayetoza fedha nyingi anapaswa kuweza kueleza zinakokwenda. Nami nilifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaeleza hesabu kama nilivyoifanya mwenyewe.

Siku moja mnayoiona ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Mpiga picha anayeanza wakati bibi harusi anarembwa na kumaliza baada ya keki kukatwa, yaani kazi ya muda wa saa 10 hivi, anaweza kurudi nyumbani na picha zaidi ya 2,000, na kila moja lazima itazamwe ili kuondoa zile ambazo mtu amefumba macho au mgeni amepita mbele ya kamera. Tuseme zimebaki 600. Akitumia dakika 2 tu kusahihisha mwanga na rangi ya kila moja, hizo ni saa 20 mbele ya kompyuta, mara mbili ya muda aliokaa harusini, na albamu bado haijaguswa.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba harusi hairudiwi. Nakumbuka mara moja, dakika chache kabla ya pete kuvishwa, skrini ya kamera yangu iliandika kwamba kadi ya kumbukumbu haisomeki. Nilishika kamera ya pili iliyokuwa begani, nikaendelea, na picha za asubuhi zilisalimika kwa sababu kamera ile ya kwanza ilikuwa ikihifadhi kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Maharusi hawakujua lolote, wala hawakupaswa kujua. Kamera hiyo ya pili, pamoja na kadi, betri na lenzi za akiba, ilikuwa imo ndani ya bei yangu tangu mwanzo.

Kisha kuna hesabu ya mwaka. Mwaka una Jumamosi 52 tu, na akishakubali tarehe yenu hawezi kuipokea harusi nyingine siku hiyo. Akipata harusi 25, hizo 25 ndizo zitakazobeba kodi, matengenezo ya vifaa, programu za kuhariri, bima na riziki ya nyumbani kwa miezi yote 12. Hujumlisha gharama hizo, akazigawa kwa idadi ya harusi, na hapo ndipo bei yake ya chini kabisa inapoanzia. Juu yake huongeza kile ambacho sifa yake inaweza kumletea, na hilo si kosa, ilimradi asiliite gharama.

Sikatai kwamba wapo wanaopandisha bei kwa kusikia neno harusi tu. Wala bei ndogo si ushahidi wa kazi mbaya. Huenda yule wa tatu bado anajenga jina au ana ajira nyingine inayomlisha. Lakini huenda pia ana kamera moja. Mwombeni kila mmoja awaonyeshe harusi nzima aliyoipiga, si picha 20 bora, na mziangalie hasa zile za ukumbini penye mwanga hafifu. Muulizeni atamtuma nani akiugua, mtapewa picha ngapi na lini, nakala zitahifadhiwa wapi, na arubuni itarudishwa katika hali gani, kisha yote yaandikwe kwenye mkataba.

Kama kazi ya wa kwanza ndiyo iliyowavutia, msimwombe apunguze bei kwa kazi ileile. Mwambieni apunguze saa, aondoe msaidizi wake au aache albamu ambayo mnaweza kuitengeneza mwakani, halafu awape hesabu mpya kipengele kwa kipengele.