Akili Hufutika Nionapo Karatasi ya Hisabati

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Kisumu, na nyumbani ni Nyalenda. Tangu nipate C katika mtihani wa mwigo, ilhali nilizoea B, silali vizuri. Husoma hadi saa nane za usiku nikijikaza kwa kahawa, kisha huamka saa kumi na moja. Hata hivyo, karatasi ya Hisabati ikiwekwa mbele yangu moyo hudunda, viganja hutoka jasho na yote niliyosoma hutoweka. Mama ni muuza samaki na ananitegemea. Niongeze saa ngapi za kusoma?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe unauliza uongeze saa ngapi, nami nakuomba upunguze. Kwa ratiba hiyo unalala kwa muda wa saa 3 tu, ilhali kijana wa umri wako huhitaji saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi ndipo ubongo huyaimarisha yale uliyojifunza mchana. Ukikesha ili usome, unayavuruga hayo hayo unayoyakeshea. Kahawa nayo haitoki mwilini upesi: baada ya saa 5 hivi, takriban nusu ya kafeini, kichangamshi kilicho ndani yake, bado imo, na hiyo pia huchangia kuudundisha moyo.

Kuhusu kufutika kwa akili, fahamu kwamba hujasahau kitu. Mwili unaoogopa hutoa homoni za adrenalini na kotisoli kana kwamba kuna hatari ya kukimbiwa, na mawazo ya hofu huijaza ile nafasi ndogo ya akili ambayo ingeshikilia hatua za hesabu unayoifanya. Hali hiyo ikikupata, weka kalamu chini, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, urudie mara kadhaa, kisha anza na swali unaloliweza hata kama ni la mwisho. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walionyesha kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 hivi kabla ya mtihani walifanya vyema zaidi. Ni jambo lisilogharimu chochote. Lijaribu kwanza katika mitihani midogo ya darasani.

Sasa tuangalie namna unavyosoma, maana nashuku ndipo tatizo lilipo. Wanafunzi wengi hurudia kusoma daftari lile lile hadi kila ukurasa uonekane wa kawaida, wakadhani wameelewa. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walipima jambo hili mwaka 2006: waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini wiki moja baadaye waliokuwa wamefunga maandishi na kujikumbusha wenyewe waliwapita. Kwa hiyo chukua karatasi za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, za miaka iliyopita, funga daftari, jipimie saa mbili na nusu kama ilivyo katika Hisabati, kisha usahihishe. Karatasi ukiizoea nyumbani, haitakutisha sana ukiikuta ukumbini. Na kwa kuwa nyumba za mabati za Kisumu hupata joto sana mchana, kazi ngumu iwekee alfajiri, baada ya kulala mapema.

Alama ya C ya mwigo haiingii katika matokeo yako ya mwisho. Tena, tangu KCSE ya 2023, wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine 5 bora, kwa hiyo Hisabati haikwepeki, lakini somo jingine moja baya si lazima likuangushe. Mama naye mweleze hali yako akishapumzika na shughuli za soko, kwa maana hawezi kujua uzito unaoubeba usipomwambia. Mwone pia mwalimu wa ushauri nasaha, na ikiwa utaanza kuona maisha hayana maana, usingoje: piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko bweni na atafanya KCSE mwaka huu. Hapa Njoro kuna mchuuzi wa vidonge anavyodai vinaongeza kumbukumbu. Nimnunulie? — Mzazi, Kaunti ya Nakuru

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Mtoto mwenye afya hahitaji kidonge ili akumbuke masomo, na hujui kilichomo ndani yake. Pesa hizo zimnunulie sweta nzito, kwa kuwa asubuhi za Njoro ni baridi, na karatasi za marudio ikiwa hana. Utakapomtembelea, muulize analala saa ngapi na kama anakula vizuri kabla hujamuuliza alama.