Springi za pauni ngapi? Pima gari lako kwanza

"Kaka, nimefika kwenye springi na shokapu. Niagize za pauni ngapi?" Ujumbe huo umeniingia juzi kutoka kwa kijana wa Kitanzania aliyeko Leicester. Anajiundia gari la mtindo wa Lotus Seven, kile kigari chepesi cha michezo kilicho wazi juu, injini na difu akizitoa kwenye Mazda MX-5 iliyokuwa inaelekea kukatwa chuma chakavu. Pauni hizo ni za ugumu wa springi, si za pesa. Sikumtajia namba. Namba yangu haitamfaa, na hilo nimelisema mpaka watu wananichoka.

Ninyi mnaonisoma mnaijua raha hii. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliitoa Seven mwaka 1957, mtu akaweza kuinunua vipande vipande na kuiunga nyumbani. Kampuni ya Caterham wakachukua haki za kuitengeneza mwaka 1973, na hapa Uingereza karakana ndogo ndogo hazijaacha kuuza fremu za umbo lile lile. Kila mmoja wetu anataka lake liishe, lipite ukaguzi wa IVA (ule wa serikali kwa magari kama haya ya kujiundia), lipate namba, liingie barabarani. Miezi ya kupaka rangi na kugombana na nyaya za umeme naiacha, kila mtu anayo yake.

Nilipojiundia langu, aliyeniuzia fremu, simtaji jina, alikuwa na seti iliyo tayari: shokapu nne na springi zake, za mbele pauni 350 kwa inchi. Maana yake, kuibana springi inchi moja unahitaji mzigo wa pauni 350. Nikamuuliza amekadiria gari langu litakuwa na kilo ngapi. Akasema wote wanachukua hizi. Nikamuuliza tena: gurudumu likipanda inchi moja, shokapu yenyewe inabanwa kiasi gani? Akacheka. Akamgeukia mwenzake, wakacheka wote wawili, kisha akaniuliza kama kwetu kuna barabara za lami.

Hilo sijalisahau, wala sina mpango wa kulisahau.

Mimi nimekulia Dar. Kule eneo la Gerezani nimezunguka na mjomba wangu fundi tangu sijajua kushika spana. Nimeona springi zikikatwa kwa msumeno ili gari lishuke, na vipande vya mpira vikipachikwa katikati ya koili ili lipande. Mjomba alikuwa akisema springi uliyoikata umeibadilisha, si umeifupisha tu: koili zinazofanya kazi zimepungua, kwa hiyo imekuwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani. Mtu aliyefundishwa hivyo haulizi swali la kijinga dukani. Nikalipia fremu, seti nikaiacha pale pale kaunta.

Nilivyofanya ni hivi. Badala ya shokapu nilifunga vipande vya bomba la mraba, nimevitoboa matundu mawili kwa urefu ninaotaka shokapu ikae gari likiwa limetulia. Gari likasimama kwa miguu yake. Injini ndani, mafuta nusu tangi, na kwenye kiti cha dereva mifuko ya mchele mpaka ikafika kilo zangu. (Mke wangu alikuja gereji kutafuta mchele wake. Alikuta umefungwa mkanda.) Nikaazima mizani minne, moja chini ya kila tairi. Kila kona ya mbele ikasoma karibu kilo 160. Toa tairi, rimu, breki na nusu ya mikono ya saspensheni, yaani vitu ambavyo springi haivibebi, kama kilo 25. Zikabaki 135.

Kisha nikatoa bomba upande mmoja, nikaweka jeki chini ya gurudumu na kulipandisha milimita 10, halafu 10 nyingine, kila mara nikipima umbali kati ya boliti mbili za shokapu. Kila gurudumu lilipopanda 10, umbali ulipungua 6.5. Basi uwiano wangu ni 0.65, na mlalo wa shokapu umo humo humo, huna haja ya kuuhesabu tena. Hapa ndipo wengi wanapopotea: uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe. Mkono wa saspensheni unapunguza nguvu ya springi inayofika gurudumuni, na mkono huo huo unapunguza safari ya springi. Unakatwa mara mbili. 0.65 mara 0.65 ni kama 0.42, kwa hiyo ile springi ya 350 gurudumuni ingekuwa pauni 148 tu.

Usifurahi mapema kwamba 148 ni laini. Chukua pauni za gurudumuni, gawa kwa pauni za uzito unaobebwa kwenye kona ile (kilo 135 ni kama pauni 298), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 188. Unapata mitikisiko kwa dakika, yaani gari linapanda na kushuka mara ngapi juu ya springi. Ile 350 ingenipa kama 132, yaani 2.2 kwa sekunde, na huko ndiko yaliko magari ya mashindano. Gari la kawaida la familia linacheza kati ya 1 na 1.5. Mimi nilitaka 1.8, kwa sababu naendesha barabarani. Hesabu ikarudi kama pauni 233. Springi zinauzwa kwa hatua za 25, nikachukua 225. Nyuma nikarudia kazi ile ile na kupandisha mtikisiko kidogo kuliko mbele, maana magurudumu ya nyuma hukuta tuta baadaye na lazima yawahi kutulia. Mhandisi Maurice Olley aliyaona hayo tangu miaka ya 1930.

Shokapu zenyewe sina mengi ya kusema. Gari linabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza. Mtengenezaji mpe kilo zako, uwiano wako na springi uliyochagua, akuwekee vali zinazolingana. Shokapu iliyowekewa vali za springi ya 350 ukiifunga na springi ya 225, gari litakuwa gumu kwenye viraka ingawa springi ni laini. Gari likiwa limetulia, acha theluthi moja ya safari kwa gurudumu kushuka na theluthi mbili kwa kupanda. Na ile ringi yenye uzi kama wa skrubu inayoshikilia springi, kuizungusha kunainua gari tu. Haiikazi springi. Nimewaambia watu hili usoni wakanibishia, huku wameshika spana ya ringi mkononi.

Jamaa mmoja wa kijiji cha jirani alichukua ile seti. Tumetoka naye Jumapili iliyopita, njia za vijijini Northamptonshire, lami yenye viraka na mawimbi. Langu lilipita limekaa chini. Lake lilirukaruka mpaka kwenye kona moja niliona mwanga chini ya tairi lake la mbele. Tulipofika alishuka anajishika kiuno, akasema gari la michezo ndivyo lilivyo. Hapana! Watu wanapenda ugumu kwa sababu unahisi kama mbio, lakini tairi lililoachana na lami halikati kona wala halishiki breki, hata ukiwa umelilipia pesa nyingi namna gani. Halafu mtu huyo huyo atakwambia anafuata nyayo za Chapman.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Leicester, pima. Ukishafunga, kifundo cha kurekebishia ugumu wa shokapu kianzie upande laini kabisa, ongeza mbofyo mmoja mmoja kwenye barabara ile ile, na usimame pale gari linapoacha kuyumba baada ya tuta. Lakini kwanza niletee kilo za kila kona na zile milimita za kwenye jeki. Kabla ya hapo kwangu hutasikia 225, wala 350, wala namba nyingine yoyote.