Anza na damu isiyo na dawa

Wadogo zangu mnaoanza kupima kwinini, dawa ya malaria, katika damu hapa Kampala, najua sumaku ndiyo itakayowavutia kwanza. Inavutia kweli. Unatia kwenye sampuli chembe nyeusi za oksidi ya chuma, ndogo kuliko bakteria, unatikisa, unaegesha sumaku ubavuni mwa kichupa, na punde chembe zote zimejikusanya upande mmoja zikiwa zimebeba dawa. Hatua hiyo haihitaji mashine ya kuzungusha, na umeme ukikatika haikwami.

Kazi ngumu iko kwenye damu yenyewe. Kwinini, ile alkaloidi ya gome la msinkona, hujishikiza sana kwenye protini za plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli), na kwa mgonjwa wa malaria hujishikiza zaidi. Kwa hiyo angusha protini kwanza kwa asetonitraili, kiyeyushi cha maabara. Kisha zimua sana kwa bafa, kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike, ya pH 9 hivi. Asetonitraili ikizidi, dawa itabaki kwenye kimiminika na chembe zitatoka mikono mitupu.

Usiguse asidi ya hidrokloriki. Kloridi iliyomo hufifiza mng'ao wa buluu ambao kwinini hutoa ndani ya asidi ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, na mng'ao huo ndio tunaoutegemea kupima. Tumia asidi ya sulfuriki ya 0.05 M. Wala usizilaze chembe ndani ya asidi, maana chuma kitayeyuka na kuharibu usomaji. Toa dawa kwa methanoli, hamishia kichupa kingine, kausha, ndipo utie asidi.

Viwango vya kulinganishia, yaani sampuli zenye kiasi cha dawa unachokijua, viandae ndani ya plazma, kamwe si ndani ya maji. Na hapa nawasihi kwa moyo wote: plazma isiyo na dawa ipimeni kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza wiki mbili nikisafisha vyombo na kutengeneza chembe upya, kwa sababu plazma "safi" ilikuwa inang'aa. Mchangiaji hakuwa amemeza kidonge chochote. Alikuwa amekunywa maji ya toniki usiku uliotangulia, na uchungu wa kinywaji hicho ni kwinini hasa. Marekani sheria inaruhusu hadi miligramu 83 kwa lita.

Siku hizi, pamoja na fomu ya ridhaa, namuuliza kila mchangiaji amekunywa nini kwa siku tatu zilizopita, na jibu lake naliandika kwenye daftari kando ya namba ya kichupa.